Picha ya mishipa ya ubongo haisafishwi kwa simu, tunzeni data ghafi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Nachingwea, yule aliyesema picha za MRI (ile mashine ya sumaku ya kuangalia ndani ya mwili) za mishipa ya kichwa zikitoka na ukungu basi mashine ni ya kizamani, itupwe, iletwe mpya yenye sumaku kubwa zaidi. Hasira zake nazielewa sana tu. Sisi wa kusini ukiambiwa nenda Dar kapige picha unaanza kuhesabu nauli, pa kulala, nani atabaki na watoto, na kama ni masika hujui hata barabara utaikuta, mwaka 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata pale Somanga si tuliona wenyewe. Sasa mtu afike huko, alipe, alazwe kwenye lile tundu linalogonga muda wote, arudi na bahasha yake, halafu daktari aishike film kwenye mwanga aseme hapa pamefifia sioni vizuri. Hata mimi ningeandika gazetini.

Ila dawa aliyoitaja ni nusu tu, tena ile nusu ya bei mbaya. Mimi sio daktari, ni mwalimu wa fizikia hapa Mtwara, na kwenye hili fizikia ndio yenye kesi.

Watu wengi wanadhani MRI inapiga picha. Haipigi picha yoyote. Ile sumaku, tuseme ya tesla 1.5 (tesla ni kizio cha nguvu ya sumaku) ambayo ni kama mara elfu thelathini ya sumaku ya dunia, inapanga chembe za hidrojeni zilizomo kwenye maji ya mwili, halafu mashine inazitikisa kwa mawimbi ya redio, zikirudi kutulia nazo zinatoa mawimbi, na koili, yaani nyaya za kunasa mawimbi zilizozungushwa kichwani, inayanasa. Kinachoingia kwenye kompyuta ni namba, namba nyingi mno, na ukizifungua ukaziangalia hivyo hivyo huoni ubongo wala pua, unaona doa jeupe katikati na vumbi pembeni. Hizo ndio data ghafi. Picha inatengenezwa baadaye na programu kwa hesabu aliyotuachia yule Mfaransa Joseph Fourier karne ya 19, ambaye mwenyewe alikuwa anahangaika na habari za joto kupita kwenye vyuma, hana habari na kichwa cha mtu.

Sasa katikati ya hizo namba kuna nini na pembeni kuna nini? Hapa wanafunzi wangu huwa nawaambia wakumbuke ngoma ya unyago inayopigwa kijiji cha pili usiku, ukiwa kwenu unasikia lile dundo zito tu, unajua kuna ngoma, lakini vile vingoma vidogo vinavyolia haraka haraka huvisikii mpaka usogee. Katikati ya data ghafi ndio dundo, panatoa umbo la jumla, wapi peupe wapi peusi. Pembeni ndio vingoma vidogo, panatoa kingo na vitu vyembamba, na mshipa wa damu wa nusu milimita ni kitu chembamba. Mashine ikikusanya katikati ikaacha pembeni kwa kuwahi muda, utapata kichwa kizuri kabisa chenye mishipa iliyofutikafutika.

Utauliza kwani si wakusanye zote? Wanakosa muda, na hesabu yake ni katili. Picha ya MRI imejengwa kwa vipande vidogo vidogo vya ujazo, voksel wanaziita, na nguvu ya mawimbi inategemea ukubwa wa kipande, yaani kina maji kiasi gani. Ukitaka picha kali mara mbili, ukapunguza kipande nusu kwa urefu, nusu kwa upana na nusu kwa kina, ujazo unabaki moja ya nane, na mawimbi yanabaki moja ya nane, chenga, yaani vile vidoti vya ovyo vinavyochafua picha, zikiwa zile zile. Kuzifidia kwa kurudia kupima inabidi upime mara 64 ya muda wa mwanzo, kwasababu chenga zinapungua kwa kipeuo cha pili cha muda. Kipimo cha dakika tano kinakuwa saa tano na dakika ishirini. Nani atalala bila kumeza mate saa tano? Na mgonjwa akitikisika kidogo tu hata hicho ulichokusanya kinaharibika, ndio maana wale wataalamu wanaobananisha kichwa kwa vimito tusiwaone wasumbufu.

Mishipa nayo ina mambo yake. Kipimo cha kawaida cha mishipa ya ubongo hakihitaji hata sindano ya dawa, jambo zuri sana kwa mtu mwenye figo mbovu. Wanachofanya ni kuipiga nyama ya ubongo mawimbi mfululizo mpaka inachoka, inakuwa haijibu, inatoka nyeusi. Damu inayotoka moyoni inaingia eneo hilo ikiwa mpya haijachoka, kwahiyo inajibu kwa nguvu, inawaka nyeupe. Ni ujanja mtupu na naupenda, lakini una mtego. Damu ikienda polepole, kwa mzee mwenye mishipa migumu kwa mfano, au ikikaa muda mrefu ndani ya eneo linalopigwa, nayo inachoka, inafifia, na mshipa unaonekana umebana au umekatika wakati damu inapita. Halafu film anayopewa mgonjwa mara nyingi ni ule muhtasari ambao kompyuta imechukua, kwenye kila mstari wa kutazama, kile king'avu kuliko vyote na kutupa vingine. Mshipa mwembamba uliofifia ukizidiwa mwanga na chenga za nyuma yake unatoweka kabisa kwenye muhtasari, ingawa kwenye slaisi za awali, yaani picha za kichwa kipande kwa kipande, upo.

Na hiyo mishipa myembamba ndio yenye shughuli na presha. Ule mshipa mkubwa wa kati wa ubongo una kama milimita tatu, huo hata mashine ya tesla 1.5 inauona vizuri. Lakini ile midogo inayochomoka kwake kupanda ndani ya ubongo ina robo tatu ya milimita kushuka hadi chini ya nusu, na presha ikimla mtu miaka mingi bila dawa ndiyo inayoziba au kupasuka, anaamka mkono haunyanyuki. Kwahiyo mtu akisema anataka picha yenye maelezo zaidi hasemi anataka picha ya kutundika ukutani.

Hapo ndio programu inapoingia. Mwaka 1999 Klaas Pruessmann na wenzake kule Zürich, Uswisi, walionyesha kwamba ukizungusha koili kadhaa kichwani, kila moja inasikia kutoka mahali pake, basi tofauti zao zinatosha kukuruhusu uruke mistari mingine ya data halafu programu ikaijaza. Mwaka 2002 Mark Griswold na wenzake wakaja na njia nyingine ya kujaza ile mistari humo humo kwenye data ghafi kabla hazijawa picha. Njia zote mbili zipo leo kwenye mashine nyingi tu. Bei yake ni chenga, ukikata muda nusu unapoteza kama theluthi ya usafi, au zaidi, ila ule muda uliookoa unaweza kuutumia kwenda kukusanya pembeni, kule kwenye vitu vyembamba.

Kilichonifurahisha mimi ni cha 2007. Michael Lustig, David Donoho na John Pauly wa Chuo Kikuu cha Stanford walisema hivi, picha nyingi ndani yake ni tupu kuliko zinavyoonekana. Picha ya mishipa ndio mfano mzuri maana kwenye kichwa kizima vinavyowaka ni vijistari vichache, kwingine kote giza. Sasa kama unajua jibu ni chache kwenye giza, huna haja ya kupima namba zote. Unapima baadhi, tena kwa kurukaruka bila mpangilio, kwa makusudi, kwasababu ukiruka kwa mpangilio mishipa inajirudia juu ya mishipa mingine na hujui upi wa kweli, ila ukiruka ovyo makosa yanatawanyika kuwa chenga tu. Halafu programu inazunguka, inatafuta picha yenye vitu vichache kuliko zote ambayo bado inakubaliana na namba zilizopimwa. Hayo maneno ya mwisho yashikeni, kukubaliana na namba zilizopimwa. Kila duru inarudi kujipima kwa zile data ghafi, ikiwa imeongeza kitu ambacho data zinakikataa kinaondolewa.

Baada ya hapo yakaja mambo ya akili mnemba. 2018 chuo kikuu cha New York na Facebook walitangaza mradi wa fastMRI, wakaanza kutoa bure data ghafi za magoti na baadaye za ubongo ili watafiti popote wafundishe programu zao. Programu inaonyeshwa picha kamili na ya data pungufu, nyingi sana, mpaka inajifunza kujaza na kufuta chenga. Siku hizi kampuni za mashine zinauza hizi programu pamoja na mashine mpya, na nyingine zinakubali kuwekwa kwenye mashine ambazo tayari zipo hospitalini. Msomaji wa Nachingwea hapo ndio nilitaka afike, sumaku ile ile, chumba kile kile, picha tofauti.

Sasa nisimalizie hapo maana kuna jambo limenikera, na ndio lililonifanya nichukue kalamu. Mjomba wangu, mkulima wa korosho upande wa Tandahimba, alipimwa hospitali moja Dar baada ya kupata kizunguzungu na ganzi ya mkono. Akarudi na film na sidi. Tukapita steshenari moja hapa mjini tutoe kopi ya ripoti, kijana wa pale akaiona film akasema, "Mzee shikamoo, hii mbona imefifia, lete niipige HD." Akaipiga picha kwa simu, akaipitisha kwenye ile programu ya kung'arisha picha za harusi, ikarudi imenyooka inang'aa balaa. Pale kushoto ambapo kwenye film mshipa ulionekana umekatika kama punje ya mchele, kwenye simu ulikuwa umeungana, laini kabisa. Mjomba akacheka akasema si unaona mwalimu, umeunga. Kijana akachukua buku lake.

Nilishindwa kucheka. Ile simu haijawahi kuona kichwa cha mjomba. Imeona picha ya picha, nukta za wino, na imejaza kile ambacho picha nyingi zinakuwa nacho, mistari haikatikikatiki ovyo, basi ikaunga. Hakuna data ghafi ya kurudi kuiuliza. Tulipoipeleka sidi kwa daktari wa mionzi akafungua slaisi za awali moja moja kwenye kompyuta, akazishusha zikipita taratibu, akatuonyesha kidoti cheupe kinaendelea kuwepo slaisi baada ya slaisi, kinakonda, kinafifia, halafu kinanenepa tena. Mshipa umebana kweli, akasema, ila haujakatika kama film inavyodai. Film ilizidisha ugonjwa na simu ikaufuta, ukweli ulikuwa kwenye sidi. Kama tungerudi nyumbani na ile picha ya simu, mjomba angeacha dawa za presha, namjua.

Kwahiyo ndugu zangu mnaotumiana film kwenye WhatsApp ili mtu aisafishe, kusafisha sio kujenga upya. Hata hospitalini kuna mashine ambayo inapima nukta 256 halafu inaonyesha 512 kwa kujaza sifuri pembeni. Ukingo unakuwa laini zaidi kwa macho na sio dhambi, inasaidia kutazama, lakini hakuna kitu kipya kilichopimwa hapo.

Na hizi za akili mnemba za hospitalini pia tusizisujudie. Mwaka 2020 Vegard Antun na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani wakionyesha kwamba baadhi ya hizi programu zinazojifunza kwa mifano, ukizichokoza na badiliko dogo sana kwenye data, zinatoa picha zenye makosa ambayo hayakuwepo, na nyingine zinashindwa kuonyesha kitu kidogo ambacho kipo kweli. Uvimbe wa mshipa wa milimita mbili kwenye picha ni voksel chache tu. Programu iliyofundishwa kwamba mishipa huwa minyoofu inaweza kuulainisha, halafu picha ikatoka safi, inapendeza, hakuna chenga, na hicho ndicho kinachotisha, picha mbaya inajitangaza yenyewe kuwa mbaya lakini picha safi yenye uongo haina alama. Mimi naona zile zinazorudi kujilinganisha na data ghafi kila hatua ndio za kuaminika kuliko zile zinazopokea picha na kutoa picha. Wauzaji watasema zote ni akili mnemba, waulizwe ipi ni ipi.

Sasa tatizo letu lipo hapa. Kwenye mashine nyingi data ghafi hazitunzwi. Zinakaa kwenye diski ya mashine muda mfupi, wanakuja wagonjwa wengine, zinafutwa, zinabaki picha. Ina maana ikija programu bora mwakani, picha ya mjomba ya mwaka huu haiwezi kujengwa upya, itabidi asafiri tena. Na sio kwamba nafasi ni ghali kiasi hicho. Nimepiga hesabu kwa kipimo cha mishipa chenye koili kumi na sita, kinaweza kufika kama gigabaiti tatu hivi. Diski ya terabaiti nne inabeba vipimo zaidi ya elfu moja. Diski hiyo ukilinganisha na bei ya MRI ni hela ya chai.

Kuna programu za kujenga picha ambazo ni za bure, BART ya wale wa Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, mtu yeyote anaipakua, na nina wanafunzi wamemaliza kidato cha sita wanaandika programu za kompyuta vizuri tu, wamekaa nyumbani wanasubiri mnada wa korosho. Sisemi wao ndio wasome picha za wagonjwa, hapana, picha ya tiba inathibitishwa na watu wa tiba na daktari wa mionzi ndio anasaini. Lakini kujifunza wanaweza, na vyuo vyetu vikiwa na data ghafi za Watanzania, zimeondolewa majina, programu zikifundishwa zitakuwa zimeona vichwa vya watu wetu, wenye presha zetu na umri wetu.

Kwahiyo naomba wanaohusika na manunuzi, kanda hii na kwingine, wakikaa mezani na muuzaji wasiulize tesla tu. Waulize programu gani za kujenga picha zimo na zipi zinalipiwa pembeni, maana nyingine zimo ndani ya mashine zimefungwa zinasubiri leseni. Waulize kama inaweza kutoa data ghafi, na mkataba wa matengenezo unahusu kusasisha programu au vyuma peke yake. Na wale wanaoziendesha wapelekwe mafunzo, kwasababu hata hizi za zamani za 1999 na 2002 zinategemea mtu ajue aruke mistari mingapi na asizidishe. Ripoti nayo iandikwe, sentensi moja tu, picha imejengwa kwa njia gani, ili daktari wa Newala au Ruangwa anayeipokea ajue aiamini mpaka wapi.

Kwa wagonjwa, msikubali kurudi na film peke yake. Ombeni sidi yenye slaisi zote za awali, sio zile picha tatu nne za muhtasari, kuna hospitali hawakupi mpaka uulize. Na kama pale dirishani kuna fomu ya kuomba sidi, basi kiongezwe na kisanduku cha data ghafi, sisi flashi tutakuja nazo.

Mwalimu wa Fizikia,
Mtwara Mjini